Maskini Wanane, Mita Moja

Kila mwanachuo anayeishi nje ya hosteli anaujua ule ujumbe wa kwenye grupu la nyumba: "Jamani umeme umebaki uniti 3, tuchange buku mbili mbili." Wiki haijaisha unakuja mwingine kama huo. Halafu yanaanza yale ya siku zote. Nani anapiga pasi kila asubuhi? Nani analala feni inawaka mpaka jua linachomoza? Nani hajachanga tangu mwezi ulioisha? Mwishowe anatokea mwenye hekima zake anasema, "Tuzime taa tukitoka." Wote wanakubali, umeme unanunuliwa, na mwezi unaofuata michango iko palepale.

Nimeishi nje ya chuo kwa mwaka wa pili sasa, kwanza Changanyikeni, baadaye upande wa Msewe, na kila nyumba niliyokaa ushauri ni huo huo: zima taa. Kiukweli nimechoka nao. Si kwamba ni ushauri mbaya, ila unatufanya tuangalie mahali ambapo hela yetu haipo. Hoja yangu ni moja. Sisi wapangaji wa mita moja tunalipa umeme ghali hasa kwa sababu ya namna tunavyohesabiwa, na hakuna atakayebana matumizi kwa dhati mpaka hesabu hiyo ibadilike. Taa zifuate baadaye.

Uniti ile ile, bei mbili

Tuanze na bei, maana wengi wetu tunanunua LUKU kwa simu bila kusoma ule ujumbe unaorudi. Wateja wa kawaida wa majumbani wamegawanywa katika makundi mawili. Kundi la D1 ni la matumizi madogo, yaani wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hawa wanauziwa uniti moja kwa shilingi 100. Kundi la T1 ni la wanaozidi hapo, na kwao uniti moja ni shilingi 292. Juu ya bei hizo kuna asilimia 22: VAT 18, REA 3 na EWURA 1. Kwa hiyo ukitoa hela mfukoni, mwenye D1 analipa shilingi 122 kwa uniti na mwenye T1 analipa kama shilingi 356. Ndiyo maana kuna watu mtaani wananunua umeme wa 9,150 wanapata uniti 75 za mwezi mzima, na wengine wanatia 10,000 wanapata uniti 28 tu.

Bei hii ya chini iliwekwa kwa nia njema kabisa. Mtu mwenye taa mbili, redio na simu ya kuchaji asilipe sawa na mwenye viyoyozi vinne. Kuna mwanafunzi wa Elimu, au wa Uchumi, atakayelipinga hilo? Sidhani.

Sasa njoo kwenye nyumba zetu. Chukua nyumba ya vyumba vinane, kila chumba kinatumia uniti 30 kwa mwezi: taa, feni, simu, kompyuta mpakato, pasi kidogo. Kila chumba peke yake ni maskini halali wa D1, hajafika hata nusu ya uniti 75. Lakini vyote vinapita kwenye mita moja, na mita haijui kuna milango mingapi nyuma yake. Inaona uniti 240. Kwa hiyo nyumba nzima ni T1.

Tupige hesabu. Uniti 240 kwa shilingi 356 ni 85,440. Gawanya kwa vyumba vinane, kila chumba kinalipa 10,680. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake na kuhesabiwa D1, uniti zile zile 30 zingekuwa shilingi 3,660. Tofauti ni 7,020 kila mwezi kwa kila chumba, bila mtu kuwasha kitu hata kimoja cha ziada. Kwa miezi kumi ya mwaka wa masomo ni 70,200. Kwa tunaopata mkopo, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Yaani siku saba za bumu zinakwenda kulipia kosa la kuishi wengi kwenye nyumba moja.

Maskini wanane wakiunganishwa kwenye mita moja wanahesabiwa kama tajiri mmoja. Na hili si la wanachuo peke yetu. Nyumba ya vyumba ndiyo makazi ya wafanyakazi wa viwandani, mama lishe, bodaboda, na walimu wapya ambao mwakani baadhi yetu tutakuwa mmoja wao. Wenye uwezo wa kujenga nyumba ndogo ya familia ndio wanaoweza kufaidi bei ya maskini. Mpangaji, ambaye hana hata tofali, anakosa.

Kuna na jambo jingine dogo linalopita kimya kwenye LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme; ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi anakatwa yeye, na kwa haki angepaswa kurudishiwa au kupunguziwa kwenye pango. Ni nyumba ngapi unazozijua ambako hilo linafanyika? Hela ni ndogo, sawa, lakini ni ya mtu.

Mchango sawa unaua ubanaji

Tuseme basi bei ni hiyo hiyo na hatuna la kuifanya mwezi huu. Je, tukibana matumizi si tutaokoa? Tutaokoa, ila tazama anayeokolewa ni nani.

Umeamua mwezi huu kubana. Umepunguza feni, umeacha kuchemsha maji ya kuoga, umeokoa uniti 10. Hizo ni shilingi 3,560. Lakini nyumba inachanga sawa kwa sawa, kwa hiyo akiba yako inagawanywa kwa wanane. Wewe unapata 445. Zile 3,115 zinakwenda kwa majirani zako saba, pamoja na yule anayelala feni inawaka. Geuza upande wa pili: jirani akiongeza jiko la umeme linalokula uniti 10, yeye analipia 445 na ninyi saba mnamlipia zilizobaki. Kwa mpango huo anayebana ni mjinga na anayefuja ni mjanja. Halafu tunashangaa kwa nini matangazo ya "zima taa" hayafanyi kazi! Watu si wakaidi. Wanajua hesabu kwa mwili hata kama hawajaiandika.

Nitoe mfano wa kweli. Nyumba niliyokaa mwaka wa pili ilikuwa na vyumba saba vya wapangaji na upande wa mama mwenye nyumba. Tulichanga sehemu nane zilizo sawa. Upande wake kulikuwa na friza la barafu na maji ya baridi, biashara ndogo ya pale barazani. Kila mtu alilinung'unikia lile friza kwa siri, hakuna aliyesema mbele yake. Utaanzaje kumwambia mtu mzima kwamba friza lake linatulia hela zetu?

Jumapili moja tulikubaliana wapangaji wote tuzime kila kitu vyumbani kwa saa mbili, na mama tukamwomba azime vya kwake vyote isipokuwa friza. Tulisoma mita kabla na baada. Zilishuka uniti 0.2. Kwa siku hiyo ni uniti 2.4, kwa mwezi uniti 72, kwa hela zaidi ya shilingi 25,000. Yaani friza peke yake lilikuwa karibu na matumizi ya vyumba viwili na nusu, na lilikuwa ndani ya sehemu moja kati ya nane.

Tulipomwonyesha hesabu kwenye karatasi, mama hakukasirika. Alisema, "Kumbe linakula hivyo? Mbona hamkuniambia wanangu?" Na yeye alikuwa hajui hata kama ile biashara inamlipa. Kuanzia mwezi ule alichanga sehemu tatu, na bei ya barafu akaipandisha kidogo. Michango yetu ilishuka. Muhimu zaidi, minong'ono ilikwisha, maana kilichokuwa kinatugombanisha kilikuwa ni kutokujua.

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa nyumba zetu ni mali isiyo na daftari.

Hela inakwenda kwenye joto

Sisi wa Elimu, hasa tunaojiandaa kufundisha Fizikia, tunafundisha wanafunzi kwamba nishati ni nguvu mara muda. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja, basi. Kidato cha tatu akikosa hilo tunamchapa alama. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kugeuza pasi kusoma wati zake? Hebu tufanye zoezi hilo kwa bei ya T1.

Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa sita kila siku, inakula uniti 1.6 kwa mwezi. Hazifiki shilingi 600. Kuchaji simu kila siku hakufiki 300 kwa mwezi mzima. Feni ya wati 55 ikizunguka saa nane kila usiku ni uniti 13, karibu shilingi 4,700. Feni ni kitu cha kufikiria, ingawa kwa joto la Dar la Februari simlaumu mtu.

Sasa angalia joto. Ndoo ya lita 20, kuitoa nyuzi 25 kuifikisha 40, inataka uniti 0.35. Ni shilingi 125 kwa kuoga mara moja. Umeme wa ndoo hiyo moja ungeiwasha taa yako saa sita kila siku kwa siku sita. Ukijaza birika la lita 1.7 ili unywe kikombe kimoja cha chai, umelipia vikombe vitano na kumwaga vinne. Maharage kwenye jiko la koili la wati 1,000 kwa saa mbili ni uniti 2, shilingi 712, pengine zaidi ya bei ya maharage yenyewe.

Ndiyo maana nasema hekima ya "zima taa" inatupotosha. Kinachokula umeme ni chochote kinachochemsha, kinachokaanga, kinachopiga pasi, na kinachogandisha. Ukitaka kubana, bana hapo. Loweka maharage usiku kucha, muda wa kuchemka unapungua sana. Funika sufuria, mvuke unaotoka ni uniti inayotoka. Jiko la koili lizime dakika chache kabla chakula hakijaiva, maana koili inabaki na moto. Chemsha maji ya unachokunywa. Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila unapoiwasha upya unalipia kuipasha kutoka baridi.

Na gesi je? Hapa kuna imani moja inayotugharimu: kwamba gesi siku zote ni nafuu kuliko umeme. Tuhesabu tena. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu uniti 12.8, kwa hiyo mtungi mdogo wa kilo 6 una kama uniti 77. Lakini kwenye jiko la gesi karibu nusu ya joto linapotea pembeni ya sufuria. Linaloingia kwenye chakula ni kama uniti 40. Tuseme mtungi umeujaza kwa 24,000 (bei inapanda na kushuka, weka ya kwako). Kila uniti ya joto iliyoingia chunguni umeilipia shilingi 600.

Jiko la koili linaingiza kama asilimia 70 ya umeme wake kwenye sufuria. Kwa bei ya T1 ni kama shilingi 510 kwa uniti ya joto, nafuu kidogo kuliko gesi. Kwa bei ya D1 ni shilingi 175. Soma tena: kwa mwenye D1, gesi ni ghali zaidi ya mara tatu kuliko umeme. Na presha kuka ya umeme, ambayo imefungwa na inashika moto wake, inaivisha yale maharage kwa takriban nusu uniti. Kwa T1 hiyo ni 178 badala ya 712.

Tukumbuke pia kwamba gesi ya mtungi siyo ile ya Songosongo. Gesi asilia ya Songosongo inakuja Dar kwa bomba na tangu 2004 inazalisha umeme pale Ubungo, jirani na chuo. Ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje, kwa hiyo bei yake inafuata soko la dunia na dola. Nasi hatuna mkono huko.

Siwaambii mtupe mitungi. Umeme ukikatika, mtungi ndio mkombozi. Ila mwenye mtungi naye abane: moto wa bluu usiopita kitako cha sufuria, matundu ya jiko yasafishwe ukianza kuona moto wa njano unaopaka masizi. Na ukienda kujaza, pima. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo 6, hiyo ndiyo namba inayotakiwa isomeke kwenye mzani. Muuzaji akikasirika kwa kuombwa mzani, nenda kwa mwingine.

Sasa ona kichekesho. Mwezi Mei 2024 taifa lilizindua Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika. Tunaambiwa pikieni umeme. Halafu unakwenda kupanga chumba, sharti la kwanza: "Hapa jiko la umeme hapana, hita hapana." Kwa hiyo mwanafunzi anapikia gesi ya 600, au mkaa wa kupima kila siku anaoununua kwa bei ya reja reja kuliko zote. Na simlaumu mwenye nyumba. Mita ikiwa moja na mchango ukiwa sawa, jiko la mmoja ni hasara ya wote, kwa hiyo njia rahisi ni kupiga marufuku. Marufuku ile imezaliwa na ile ile hesabu mbovu.

Wanaopinga

Nimeyajadili haya na wenzangu mara nyingi, na najua majibu yanayokuja.

Wa kwanza anasema, "Sisi tunaishi kindugu, mambo ya kuhesabiana uniti ni uchoyo." Naheshimu undugu. Lakini mimi nimeona undugu ukivunjika kwa sababu ya buku mbili za umeme, sijaona ukivunjika kwa sababu ya daftari. Kama nyumba ina mwenzetu ambaye bumu limechelewa au hana mkopo kabisa, tumbebe kwa kujua tunambeba. Hiyo ndiyo hisani. Kumbeba mwenye friza kwa kutokujua si hisani.

Wa pili ni mwenye nyumba: "Mita nyingine ni gharama, nani atalipa?" Swali la haki. Kuunganishiwa mita mpya mjini ni zaidi ya laki tatu. Lakini haihitajiki mita kwa kila chumba. Nyumba yetu ya uniti 240 inahitaji mita nne, kila moja ya vyumba viwili, uniti 60, chini ya 75. Hizo ni mita tatu za kuongeza, tuseme shilingi 963,000. Zikikubaliwa zote kwenye D1, nyumba inaokoa shilingi 56,160 kila mwezi. Gharama inarudi ndani ya mwaka mmoja na nusu, na nyumba yenye umeme wa D1 mpangaji hataihama hovyo. Wenye nyumba wanaosoma gazeti letu, na najua mpo, pigeni hesabu hiyo na fundi wenu.

Wa tatu anasema haya ni mambo madogo, chama cha wanafunzi kina mambo makubwa ya mikopo na ada. Mimi naona ni lile lile. Tunapigania bumu liongezwe, vizuri. Lakini shilingi 7,020 kwa mwezi zinazovuja ukutani ni bumu lililokwisha kutoka na kupotea. Mwenzetu anayelala na chai kavu wiki ya mwisho ya muhula hajali hela iliishia kwenye ada au kwenye mita.

Tufanye nini

Kwanza, vyumbani kwetu, wiki hii, bila kumsubiri mtu. Someni mita kila Jumapili jioni na kuandika kwenye grupu: zimebaki ngapi, zimetumika ngapi. Wiki nne zikipita mtaanza kuona wenyewe. Na uliza kodi ya jengo mwezi huu amekatwa nani.

Pili, acheni mchango sawa. Njia nzuri ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, afunge fundi umeme anayejulikana. Bei yake kwa kawaida ni chini ya pango la mwezi mmoja. Niseme wazi: mita ndogo haikupeleki D1, maana mita kubwa bado ni moja. Inachofanya ni kwamba uniti 10 ulizookoa zinakuwa zako zote, 3,560 badala ya 445. Kama hamna uwezo, tumieni pointi: chumba kitupu pointi moja, mwenye feni aongeze moja, jiko la umeme mbili, friji tatu. Si hesabu kamili, lakini ni ya haki kuliko kusema wote sawa. Na kwa mpango huo mwenye nyumba hana tena sababu ya kukataza presha kuka, ambayo watu wanne wakichanga inanunulika.

Tatu, serikali yetu ya wanafunzi. Tunao wenzetu wanaoshughulika na malazi. Naomba watuandalie ukurasa mmoja tu wa makubaliano ya umeme kati ya mpangaji na mwenye nyumba: umeme unagawanywa vipi, friza na biashara vinahesabiwaje, kodi ya jengo nani analipa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akienda kutafuta chumba awe nao mkononi kabla hajatoa kodi ya miezi sita, maana baada ya kutoa hela hana nguvu tena ya kuuliza.

Nne, wakubwa. EWURA ndiyo inayoidhinisha bei za umeme. Nawaomba waliangalie suala la nyumba za wapangaji. Kama lengo la D1 ni kumsaidia mwenye matumizi madogo, basi kipimo kiwe matumizi ya kaya, si ya mita. Nyumba yenye kaya nane zinazothibitishwa na serikali ya mtaa ingeweza kupewa kiwango cha uniti kinachoendana na idadi hiyo. Najua kuna watakaojaribu kudanganya idadi, na uhakiki una gharama zake. Lakini hata sasa kuna wanaodanganya, na anayeumia ni asiyeweza kudanganya.

Mwakani, Mungu akipenda, nitakuwa nimesimama mbele ya darasa nikiandika ubaoni nishati ni nguvu mara muda. Nitawapa wanafunzi wangu zoezi la nyumbani: nenda kasome mita ya kwenu, hesabu ni milango mingapi iko nyuma yake, kisha niambie kila mlango unalipa kiasi gani. Ninyi wenzangu msisubiri kufundishwa na mimi. Mita iko hapo koridoni, na kalamu mnayo.